Kutoka Kishanda Mpaka Katuruka

Mimi ni karani wa parokia huku kwetu Kishanda, mkoa wa Kagera. Nilisomea ualimu chuoni, lakini kazi niliyoipata ni hii ya ofisi ya padre, nami naipenda. Kazi yenyewe yaonekana ndogo: kuandika majina ya watu. Naandika waliobatizwa, waliofunga ndoa, na waliotutangulia mbele ya haki. Lakini nimejifunza kwamba jina la mtu si wino tu. Habari nitakayowasimulieni yatokana na nafasi moja iliyobaki tupu katika daftari langu kwa muda wa majuma mawili.

Jumamosi moja asubuhi alikuja baba mmoja kijana pamoja na mkewe, mtoto mchanga wa kiume, na wasimamizi. Nje, juu ya benchi, alikaa babu wa mtoto, mzee mwenye fimbo. Nikauliza jina la Kikristo, baba akajibu, “Dionisi.” Nikaandika. Nikauliza jina la nyumbani. Baba akanyamaza. Mama ndiye aliyejibu kwa sauti ndogo, “Mugasha, Karani. Ni jina la babu yake.”

“Hilo usiandike,” akasema baba upesi. “Nimeambiwa kuwa Mugasha ni shetani wa ziwani. Sitaki mwanangu achukue jina la shetani. Andika Dionisi tu.”

Mlango ulikuwa wazi. Yule mzee nje aliyasikia maneno hayo, na Mugasha ndilo jina lake mwenyewe, alilobatizwa nalo zamani na kuzeeka nalo. Hakusema neno. Aligeuza tu uso akatazama migomba.

Nikaweka kalamu chini, nikaenda kwa paroko. Naye akaniambia, “Acha nafasi wazi mpaka siku ya ubatizo. Wewe ulisomea ualimu. Katafute habari za jina hilo, wala usinijibu kwa kukisia.”

Hapo moyo wangu ukashtuka, maana mimi nilikuwa na deni katika jambo hili. Wazazi wangu walifariki nilipokuwa mdogo, katika miaka ile ambayo ugonjwa wa UKIMWI, uliotambuliwa Kagera mwaka 1983, uliwachukua watu wazima nyumba kwa nyumba na kuacha wazee na watoto. Bibi yangu ndiye aliyenilea. Alikuwa Mkristo wa sala, mwenye rozari iliyolainika kwa vidole vyake. Hata hivyo chini ya kitanda alikuwa na kikapu kidogo chenye kifuniko, na ndani yake kipande cha nguo ya magome, buni kavu, na shanga. Alipofariki, mimi nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, na kichwa changu kilikuwa moto. Nikasema haya ni mambo ya mizimu. Siku ya nne baada ya mazishi nikakichoma kikapu kile nyuma ya nyumba, pasipo kumwuliza mtu yeyote kilikuwa kitu gani.

Basi kwanza nilikwenda kwa shangazi yangu, ambaye ndiye mkubwa aliyebaki katika nyumba yetu.

Kwa wasiopajua kwetu, Kishanda ni nchi ya Wahaya, katika wilaya ya Muleba, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Bukoba. Vilima vyetu ni virefu, navyo vimejipanga kutoka kusini kwenda kaskazini, vikifuatana na pwani ya Ziwa Viktoria kama matuta ya shamba kubwa. Vijiji vimekaa katika vibanja, yaani mashamba ya migomba yanayoizunguka nyumba, na mibuni imesimama kivulini chini ya migomba. Nje ya vibanja kuna rweya, majani matupu ambako ng'ombe huchungwa na nyasi za kutandika nyumbani hukatwa. Mgeni huona mara moja mahali kibanja kinapokwisha na rweya inapoanza, kana kwamba mtu amepiga mstari. Mpakani mwa kibanja na kibanja husimama mti wa mramula. Huo ndio shahidi wetu wa kale: waligombana watu, ukapandwa mramula, wakanyamaza.

Mvua za kwetu hutoka ziwani. Asubuhi mapema wingu jeusi hujikusanya upande wa mashariki, upepo huinamisha migomba, na ngurumo hupita juu ya mabati. Mtu akiyaona hayo haoni ajabu kwamba wahenga walisema ziwa lina mwenyewe.

Shangazi nilimkuta akimenya ndizi. Baada ya salamu akaniletea buni za kutafuna, kama ilivyo heshima ya Wahaya kwa mgeni, hata kama mgeni ni mtoto wa nyumbani. Nikamweleza habari za mtoto na jina lake. Akacheka kidogo, kisha akaanza kunihesabia kwa vidole, kama alivyosikia kwa bibi.

Juu ya wote, alisema, wahenga walimjua mmoja aliyeumba. Jina lake Ruhanga, kutokana na neno la kuumba, au Rugaba, kutokana na neno la kugawa: ndiye Mgawaji. Hakujengewa vibanda vingi wala hakusumbuliwa kwa mambo madogo. Mambo ya kila siku waliyapeleka kwa wengine walio karibu zaidi. Kazoba alikuwa wa jua. Hangi alikuwa wa anga. Irungu alikuwa wa pori na misitu, na mwindaji hakuingia porini pasipo kumkumbuka. Mugasha alikuwa wa ziwa, dhoruba na mvua. Wavuvi na wakulima wote walimhitaji, maana upepo wake waweza kuzamisha mtumbwi, na mvua yake ndiyo inayokuza mgomba. Nyakalembe alikuwa wa kike, naye alihusishwa na kilimo. Na Wamara alikuwa mfalme wa Wachwezi, mkubwa wa mizimu, mwenye enzi juu ya hao waliokufa.

“Hao Wachwezi walikuwa watu au walikuwa miungu?” nikauliza.

“Walikuwa wafalme,” akasema, “kisha wakatoweka. Aliyetoweka bila kaburi, watu humfanyia kibanda.”

Ndipo akanisimulia jinsi walivyotoweka, nami nawaandikieni kama nilivyosikia. Wamara alishuka pamoja na wenzake mpaka nchi ya Kintu, iliyo chini ya ardhi. Kintu akawakaribisha vizuri, akawapa ng'ombe na mbegu za kupanda. Wamara akarudi kwake, nchi ikashiba, maziwa yakajaa. Lakini akasahau jambo moja: hakurudisha shukrani kwa Kintu. Basi Kintu akamtuma Rufu, yaani Kifo, aende kudai. Rufu akafika katika mifugo ya Wamara. Ng'ombe aliyependwa kuliko wote akatumbukia shimoni, na Wamara akamfuata kwa uchungu, na watu wake wakamfuata yeye. Toka siku hiyo hawakuonekana tena juu ya nchi, na kifo kikabaki kwetu.

“Umesikia?” akaniambia shangazi. “Kifo kiliingia kwa sababu mtu alikula asiseme asante. Bibi yako alikuwa akitusimulia hayo kila tulipoondoka mezani kimya.”

Nami nilikumbuka kwamba bibi hakuniruhusu kamwe kuinuka kabla ya sala ya baada ya chakula. Nilidhani ni ukali wa Kikristo tu.

Nikapata moyo wa kumwuliza habari za kikapu. Shangazi akaacha kisu. Akasema, “Mama yake bibi yako alikuwa muka Wamara, mke wa Wamara. Ndivyo walivyoitwa wanawake waliowekwa kwa ajili ya mzimu huo, wakatunza mahali pake. Bibi yako alipobatizwa aliacha mambo hayo yote, wala hakuyafanya hata siku moja. Lakini picha hazikuwako zamani hizo, na kaburi la mama yake lilimezwa na kibanja cha watu wengine. Alichobaki nacho cha mama yake kilikuwa kikapu kile.”

Nilikaa kimya. Naye hakunigombeza. Alisema tu, “Ungeniuliza mwaka ule kabla ya kuwasha kiberiti. Sasa mimi yangu yamekwisha, nilikuwa mdogo. Nenda Katuruka, upande wa Maruku. Huko wazee wameyatunza.”

Juma lililofuata nikaomba ruhusa, nikapanda basi dogo la kwenda Bukoba. Njia ni nzuri, nayo ni ya lami. Ukitoka Muleba waiona nchi ikipanda na kushuka, na upande wa kulia mara kwa mara ziwa hufunguka, jeupe mchana na la buluu jioni. Tukapita Muhutwe, na juu upande wa kushoto kuna nyanda za Kamachumu. Huko Bukongo alizaliwa mwaka 1912 mtoto aliyekuja kuwa Laurean Kardinali Rugambwa, Mwafrika mweusi wa kwanza kuwekwa kardinali, mwaka 1960. Nililikumbuka jina lake nikiwa garini. Alipobatizwa mwaka 1921 aliongezewa jina la Kikristo, wala hakunyang'anywa la Kihaya. Nalo Rugambwa ndilo lililotangazwa Roma.

Nikashuka kabla ya kufika mjini, nikapanda bodaboda kuelekea Maruku. Watu wengi wapajua Maruku kwa kituo cha utafiti wa migomba na kahawa. Lakini zamani palikuwa makao ya wafalme wa Kanyangereko, na Katuruka ni kijiji cha huko. Vibanja vya kule ni vya zamani sana, na udongo wake ni mweusi kwa samadi ya vizazi vingi.

Mzee aliyenipokea alikuwa amevaa kanzu na koti. Nilimwamkia kwa adabu ya kwetu, “Waitu,” nikamwita Tata, naye akaniuliza ukoo wangu kwanza, halafu safari yangu. Nilipokwisha kumwambia, akachukua fimbo yake tukatembea.

Akanionyesha mahali pa wazi kati ya migomba. “Hapa ulisimama mti wa Kaiija,” akasema.

Nikatazama. Hapakuwa na mti.

“Ulikatwa,” akasema. “Ulikuwa mkubwa, na kivuli chake kilijaza uwanja huu. Wazee walikuja hapa wakati wa mwezi mwandamo. Umri wake hakuna aliyeujua. Kisha siku moja ukaangushwa, kama mtu anavyoangusha mti wowote wa kuni.”

Ndipo akanisimulia habari za mfalme Rugomora Mahe, aliyetawala yapata karne ya 17. Mfalme huyu alitaka kujua mbinguni kukoje. Akawaita wahunzi, akaamuru wamjengee mnara wa chuma utakaofika juu. Wahunzi wakafua chuma usiku na mchana, mnara ukapanda, lakini mwisho ukashindwa kujitegemeza, ukaanguka ukaua watu. Jina la Kaiija lenyewe lahusu kazi ya mhunzi, maana hapo ndipo chuma kilipofuliwa.

Msomaji atasema, huo si ndio Mnara wa Babeli? Nami nilisema hivyo hivyo. Mzee akatabasamu. “Wengi husema tuliupata kwa Wamisionari,” akajibu. “Lakini chimba chini ya mti.”

Na kweli walichimba. Katika miaka ya 1969 na 1970 alikuja Mmarekani jina lake Peter Schmidt, mtaalamu wa kuchunguza mambo ya kale yaliyofukiwa ardhini. Yeye hakuanza kwa kuchimba popote alipopenda. Alianza kwa kukaa na wazee, akawasikiliza, nao wakamwonyesha Kaiija na kumwambia kwamba hapo ndipo pa wahunzi. Akachimba hapo walipomwonyesha. Akakuta mabaki ya kazi ya chuma kweli, na makaa yake yalipopimwa yakaonyesha umri wa zaidi ya miaka elfu mbili, yaani zamani kuliko Rugomora Mahe kwa mbali sana, na kuliko mfalme yeyote anayetajwa kwa jina.

Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Hapakuwa na kitabu wala jiwe lenye maandishi. Watu walikuwa na mti, na jina la mti, na hadithi ya kusimulia chini yake, wakaitunza habari ya kweli kwa muda mrefu kuliko tangu Kristo mpaka leo. Baadaye Schmidt aliwaomba wazee waliowahi kuyeyusha chuma katika ujana wao wajenge tena tanuru na kuonyesha kazi yao, na mwaka 1978 yeye pamoja na mwenzake Donald Avery wakaandika katika jarida la Science kwamba wahunzi wa kale wa nchi hii walipata joto kubwa na kutengeneza chuma cha pua kwa ufundi wao wenyewe. Dunia ilisikia habari hiyo kwa mshangao. Sisi huku tulikuwa tumekwisha kuona haya kwa mambo ya babu zetu.

“Wachwezi walihusika vipi na chuma?” nikamwuliza mzee.

“Wafalme walipokuja,” akasema, “waliwakuta watu wana mahali pao patakatifu. Aliyetaka kutawala alijenga karibu na mahali hapo, ili nguvu ya pale imfuate. Mti ulikuwa wa wahunzi, ukawa wa wafalme. Na wewe usidhani kwamba mizimu yote ilikuwa myema. Embandwa, yaani watu waliopandwa na mizimu, wengine walifariji wagonjwa, wengine waliwala watu mbuzi na ng'ombe mpaka wakabaki maskini. Hofu ilikuwa kubwa. Mimi nimebatizwa, nami nashukuru. Lakini kushukuru si kusahau.”

Maneno hayo niliyaandika palepale, maana yalikuwa ya haki pande zote mbili. Hatupendi kuwadanganya vijana kwamba zamani zote zilikuwa asali. Palikuwa na watu walioishi kwa woga wa laana, na mgonjwa aliyeuza mali yake kumlipa mganga. Habari Njema ilipofika Kashozi na Mapadre Weupe mwaka 1892, wengi waliipokea kama mtu anayetuliwa mzigo.

Kadhalika mzee alinieleza kwamba hao Wachwezi si wa Wahaya peke yao. Ukivuka mpaka kuingia Uganda, utawakuta Nkore na Bunyoro, ambako husimulia habari za Ndahura na Wamara. Buganda wana Mukasa, mkubwa wa ziwa, ambaye mahali pake palikuwa kisiwa cha Bubembe katika visiwa vya Ssese. Mukasa na Mugasha ni jina moja katika vinywa viwili. Rwanda humtaja Ryangombe, na Burundi Kiranga. Basi nchi zote hizi za maziwa makuu zilikuwa kama nyumba moja yenye vyumba vingi, kabla hazijagawanywa na mipaka ya Wazungu.

Nilimwuliza pia kama mti ukikatwa kila kitu kimekwisha. Akasema hapana. Vijana na watu wa makamo wengi walikufa katika miaka ile ya msiba, na wazee waliobaki wakaona kwamba wao nao wakiondoka hakutakuwa na wa kuulizwa. Hivyo tangu mwaka 2008 watu wa kijiji wenyewe walianza kukusanya upya masimulizi yao na kuitengeneza Katuruka iwe mahali pa kumbukumbu, ili mgeni na mtoto wa shule waje wajifunze. “Mti hatuwezi kuusimamisha tena,” akasema. “Lakini tumeanza kuyaandika maneno.”

Jioni nikiwa njiani kurudi, niliwaza habari niliyowahi kuisoma juu ya Waslavi, mataifa ya mashariki ya Ulaya. Nao walikuwa na miungu yao zamani. Perun alikuwa wa ngurumo na umeme. Veles alikuwa wa ng'ombe. Mokosh alikuwa wa kike, na kazi za wanawake zilihusishwa naye. Dazhbog alikuwa wa jua, na jina lake lina maana ya mungu agawaye, kama vile sisi tulivyosema Rugaba. Mtawala wao Vladimir aliwasimamishia sanamu juu ya kilima huko Kiev yapata mwaka 980, na yasemwa kwamba Perun alikuwa na kichwa cha fedha na masharubu ya dhahabu. Miaka michache baadaye, mwaka 988, Vladimir huyo huyo akabatizwa. Akaamuru sanamu ya Perun ifungwe mkiani mwa farasi, ikokotwe mpaka mtoni huku watu kumi na wawili wakiipiga kwa fimbo, itupwe katika mto Dnieper. Waandishi wa kale wamesema kwamba baadhi ya watu walisimama ukingoni wakalia.

Waslavi wakawa Wakristo, wengi wao hodari. Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyekuja kwetu Tanzania mwaka 1990, alikuwa Mslavi wa Poland. Lakini wataalamu wao leo wanahangaika sana kuokoteza habari za miungu ile ya kale, maana waliotupa sanamu hawakuandika hadithi zake, na waliozijua walikufa nazo. Wamebaki na majina, na vipande vya masimulizi, na kukisia kwingi. Sisi tulibahatika zaidi kidogo. Katika miaka ya 1930 padre mmoja wa Mapadre Weupe, Edmond Césard, aliandika mengi ya Wahaya, na Mhaya mwenzetu Francis Lwamgira aliandika habari za Kiziba kwa Kihaya, kitabu kikatoka mwaka 1949. Hao walielewa kwamba kuandika habari ya kitu si kukisujudia.

Nilipofika nyumbani nikafungua vitabu vya ofisi yetu, nikapata jambo ambalo lilinishangaza kuliko yote, ingawa lilikuwa chini ya pua yangu miaka yote. Mtoto yule alikuwa amepewa jina la Dionisi. Dionisi ni jina la mtakatifu, shahidi wa Paris. Lakini kabla ya hapo latoka kwa Dionysos, ambaye kwa Wagiriki wapagani alikuwa mungu wa divai na ulevi! Nikaendelea kutafuta. Isidori, mtakatifu wa wakulima, maana yake ni zawadi ya Isis, mungu wa kike wa Misri. Martini latokana na Mars, mungu wa vita wa Warumi. Demetri latokana na Demeter, mungu wa kike wa mavuno. Majina hayo yote yamejaa katika daftari langu, na hakuna baba hata mmoja aliyewahi kuniambia nisiyaandike.

Ni nini kilichoyatakasa? Si maji ya wino. Ni watu walioyachukua wakaishi vema nayo. Jina la mungu wa ulevi likawa jina la shahidi kwa sababu mtu aliyeitwa hivyo aliitoa roho yake kwa ajili ya imani. Basi na jina la Mugasha laweza kutakaswa kwa njia ile ile, tena kwa karibu zaidi, na mzee yule aliyekaa nje ya ofisi yangu juu ya benchi.

Nilimweleza paroko yote, pamoja na habari za kikapu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanikumbusha kwamba Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie jina lisiwe kinyume cha fikra za Kikristo, na kwamba tangu mwaka 1965 Mtaguso wa Vatikano ulifundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine. “Kwa hiyo,” akasema, “swali si jina lilitoka wapi. Swali ni, wanampa mtoto jina hili kwa ajili ya nani? Wanamweka chini ya mzimu, au wanamheshimu babu yake? Kawaulize.”

Siku ya ubatizo walirudi. Nikamwambia baba habari ya Dionysos. Alinikazia macho akidhani namfanyia mzaha. “Mungu wa pombe?” akauliza. Nikamwonyesha kitabu. Akakaa kitambo.

Nikamwuliza, “Bwana, jina hili la Mugasha, mnampa mtoto ili ziwa limlinde?”

Kabla hajajibu, mzee mwenyewe akasimama mlangoni akiegemea fimbo. Akasema, “Karani, jina hilo alinipa baba yangu kwa sababu nilizaliwa siku ya dhoruba, na mtumbwi wake ulirudi salama. Nilibatizwa nalo. Nilifunga ndoa nalo katika kanisa hili. Nimewazika watoto watatu nikiwa naitwa hivyo, wala sikumwacha Mungu. Lakini kama lamwaibisha mwanangu, liacheni.”

Yule kijana akatazama chini. Nami nilimwonea huruma, maana nililijua jambo lililokuwa moyoni mwake. Ndilo lililoniwashia kiberiti mimi nyuma ya nyumba ya bibi. Hakuwa na ubaya. Aliogopa tu, na mtu mwenye hofu huchoma upesi.

Hatimaye akasema, “Andika yote mawili, Karani.” Kisha akamgeukia mzee, akasema kwa Kihaya neno ambalo sikusudii kuliandika hapa, kwa kuwa lilikuwa lao wawili. Nikaishika kalamu, nikaijaza ile nafasi: Dionisi Mugasha.

Tangu siku hiyo nimenunua daftari jingine, la mistari, lisilo la ofisi. Kila Jumapili baada ya Misa nakaa na mzee mmoja au bibi mmoja wa Kishanda, nikawauliza habari za vilima vyetu, miti ya mpakani, majina ya koo, na hao Wachwezi. Wengine husema kidogo, wengine husema sana, wengine hubishana wao kwa wao nikaandika pande zote mbili. Shangazi ndiye aliyefungua ukurasa wa kwanza. Nilimwomba anieleze kikapu cha bibi jinsi kilivyosukwa, na shanga zilikuwa rangi gani, kwa kuwa mimi sikuzitazama. Alikumbuka nyeupe na nyeusi. Zilizobaki hakukumbuka.

Ndugu msomaji, labda na kwako kuna kitu chini ya kitanda cha mzee wako: kibuyu, mkuki, kipande cha nguo ya magome, au jina tu. Imani yako isikufanye ukisujudie, wala isikufanye ukichome kabla hujauliza. Kaa chini, tafuna buni, uliza. Mwenye kujua akingali hai, kuuliza hakugharimu kitu.